Ndoo ya Maji ya Mvua

Mtu anayekwenda kuoga havai sweta. Inspekta Bilhah Nyabate alikuwa amelisema hilo kituoni asubuhi, na bosi wake akamjibu bila kuinua macho kwamba hata anayetaka kufa havui nguo. Jibu hilo lilimkera, hasa kwa kuwa hakuwa na la kulipinga. Ndiyo maana alasiri ile alikuwa amerudi peke yake Laini ya Saba, akachutama katika bafu la marehemu Obure na kuitazama ndoo.

Zamani Laini ya Saba, safu za nyumba za wafanyakazi wa kampuni, ilijaa wachumaji wa chai na familia zao, watoto wakagombania mahali pa kuchezea. Kisha mashine za kuchuma zikaja, watu wakaambiwa kazi imekwisha, na nyumba zikabaki wazi moja baada ya nyingine. Milango ilikuwa imeng'olewa. Michai isiyopogolewa ilikuwa imevuka njia na kuingia nyuani mwa watu, kama kwamba sasa ni zamu yake kukaa humo. Ukisimama katikati ya laini na kukohoa, kikohozi chako kinakurudia kutoka kwenye kuta.

"Madam, hii maneno si iliisha?" Aliyeuliza ni Ogoti, msimamizi wa nyumba za kampuni. Alikuwa amesimama mlangoni na fungu kubwa la funguo za nyumba ambazo nyingi hazikuwa na milango. "Mzee alijimaliza. Hata kanisa yake imesema."

"Kanisa lilikuwa hapa?"

"Hapana."

"Basi tuliache huko liliko. Nieleze tena vile ulimkuta."

Ogoti akashusha pumzi. "Juzi asubuhi nilikuja kumkumbusha kuhama. Nikaita, kimya. Nikaingia, nikapata ameanguka hapo, mkono uko ndani ya ndoo. Nikakimbia kuzima stima kwa mita kwanza. Mimi si mjinga."

Kilichomuua Obure bado kilikuwa ukingoni mwa ndoo: nyembe mbili zilizotenganishwa na vijiti, zikafungwa uzi na kuunganishwa na waya uliotoka kwenye soketi ya chumbani. Nusu ya wafanyakazi wa chai walichemshia maji kwa kidude kama hicho, na nusu nyingine walijifanya hawakijui. Obure alikuwa amekitumia miaka mingi. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kitalu cha miche, mtu wa mwisho wa kampuni aliyebaki laini ile, na nyumba yake ndiyo pekee iliyokuwa na stima.

Picha za polisi zilimwonyesha akiwa na sweta, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu mitupu juu ya sakafu ya simiti iliyolowa. Viatu vyake vya mpira vilikuwa nje, vimejaa matope. Sabuni kwenye kidirisha ilikuwa kavu na taulo haikuwepo.

"Wewe na Obure mlikuwa mnapatana?"

"Tulikuwa tunaongea tu."

"Nimesikia ulimwambia atatoka hapa akiwa amebebwa."

Ogoti aliziangalia funguo zake. "Hiyo ni mdomo, madam. Kila mtu huku anaongea hivyo."

"Na sasa ametoka amebebwa."

"Mungu wangu, madam! Mimi hata nilikuwa namwonya! Nilikuwa namwambia, Obure, wacha kupima maji na kidole kama stima iko juu. Anacheka. Anasema inamtekenya tu."

Bilhah aliinuka. "Alipima kwa kidole? Mara ngapi?"

"Kila siku! Miaka yote. Ndiyo nasema alijua anafanya nini. Mtu amezoea kitu hivyo, iue yeye bahati mbaya namna gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, na Ogoti alilitupa chini bila kujua thamani yake. Bilhah alilirudia moyoni mara mbili. Maji yaliyomtekenya mtu miaka yote yalimuuaje juzi?

Alipitisha mwanga wa tochi ndani ya ndoo. Palipokuwa na maji kabla hayajapungua, plastiki ilikuwa na mstari mweupe uliokauka. Aliichunguza ndoo upande wa nje. Rangi ilikuwa imechujuka, lakini nembo ya kampuni bado ilisomeka.

"Ndoo hii ilikuwa ya kazi gani?"

"Kupimia mbolea," Ogoti alisema, kisha akatamani angenyamaza.

"Na mbolea inakaa kwa nani?"

"Funguo za stoo ni zangu. Lakini hiyo ndoo nilimpa zamani, madam, wakati watu bado wako."

Bilhah alichota maji ya ndoo kwenye chupa moja, akachota ya tangi la mvua lililo nje kwenye chupa ya pili, akaandika juu yake ipi ni ipi. Obure alikuwa akijaza ndoo yake kutoka tangi hilo. Kwa hiyo maji yalikuwa yaleyale, ila ya ndoo yalikuwa yameongezewa kitu njiani.

Simu ilimkuta akiingia kwenye gari. Alikuwa Sellah, mke wa marehemu, akipiga kutoka mochari ya Kapkatet.

"Madam, mwili unatoka kesho asubuhi. Umepata kitu?"

"Bado, Mama Valary. Natafuta."

"Shemeji yangu Omwenga amepiga tena. Ni mzee wa kanisa, neno lake ndilo linasikika. Anasema aliyejiua haombewi. Kaburi limechimbwa kule nyuma, karibu na ua, na wameambia watu wasikuje." Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. "Mimi nimeolewa na huyu mtu tangu niko msichana. Sasa niende nisimame hapo peke yangu, nimwimbie mimi na Valary tu?"

"Nitakupigia kabla ya giza."

"Kama alijiua, niambie alijiua. Lakini kama hakujiua, madam, usiache wamtupe hivyo."

Bilhah aliwasha gari. Yeye mwenyewe alikuwa Mkisii kama marehemu, mtu wa Nyamira, na aliwajua watu wa aina ya Omwenga. Wasingebadili neno kwa machozi ya mjane. Wangelibadilisha kwa karatasi ya polisi yenye muhuri, tena kwa shingo upande.

*

Shule zilikuwa zimefungwa. Katika shule ya upili alikosimamisha gari, upande wa Mogogosiek, mtu pekee aliyemkuta ni Fancy Chepkorir, mwalimu wa kemia, ambaye alikuwa akihesabu vioo vilivyovunjika katika maabara. Walifahamiana kutokana na kesi ya wizi wa mwaka uliopita.

"Hii ni kazi ya mkemia wa serikali, madam."

"Mkemia wa serikali atanijibu marehemu akiwa ameshaoza. Mimi sitaki cheti sasa. Nataka kujua niangalie wapi."

Fancy alicheka, akavaa koti jeupe. Alichukua betri, balbu ndogo na vijiti viwili vya kaboni, akaviunga kwa waya ili umeme usiweze kufika kwenye balbu mpaka upite ndani ya maji. Alianza na maji ya tangi. Alizamisha vijiti. Balbu haikuwaka.

"Maji si yanapitisha stima?" Bilhah aliuliza. "Ndivyo tulivyofunzwa."

"Maji safi karibu hayapitishi kitu. Na hakuna maji safi kuliko ya mvua ya huku kwetu, hakuna viwanda vingi vya kuichafua. Angalia hii." Alitia sukari kwenye maji yaleyale, akakoroga mpaka ikapotea. Balbu bado haikuwaka. "Imeyeyuka, unaona? Lakini sukari ikiyeyuka inabaki sukari. Chembe zinatawanyika tu, hazina chaji. Sasa leta yako."

Alizamisha vijiti kwenye maji ya ndoo na balbu ikawaka mara moja, ikawaka vizuri, na kando ya vijiti vikaanza kupanda viputo vidogo. Bilhah aliinama mpaka pua ikakaribia bilauri ya maabara.

"Hapa kuna kitu kilichovunjika ndani ya maji," Fancy alisema. "Kikiyeyuka kinagawanyika. Upande mmoja wenye chaji chanya, mwingine wenye chaji hasi. Tunaziita ayoni. Hizo ndizo zinazobeba umeme. Kitu cha namna hiyo ni elektroliti."

"Mtu alikuwa anatia kidole kwenye maji ya mvua, nyembe zikiwa na stima. Anasema inamtekenya."

"Yesu! Usimwambie mtu kwamba ni salama, madam, kwa sababu si salama. Lakini ndiyo, naelewa. Stima ilikuwa inamfikia kidogo tu, maji yanaizuia. Hata kuchemka lazima yalikuwa yanachukua muda mrefu. Ukitia elektroliti, hakuna tena cha kuizuia. Kidole kilekile, nyembe zilezile, stima inamwingia yote. Na kama amesimama miguu mitupu kwenye simiti yenye maji..." Hakumalizia.

"Mbolea ni elektroliti?"

"Sana."

Bilhah alihisi damu ikimchangamka. Ndoo ya mbolea, stoo ya mbolea, mtu mwenye funguo na kinywa cha vitisho. "Nithibitishie kwamba ni mbolea."

Fancy alitia maji ya ndoo kwenye kijaribio cha kioo, akaongeza sodiamu haidroksaidi, akapasha moto polepole huku ameshika karatasi nyekundu ya litmasi mdomoni mwa kijaribio. "Mbolea ya chai ina amonia. Ingenuka mpaka utoe machozi, na hii karatasi ingegeuka buluu." Walingoja. Karatasi ilibaki nyekundu. Fancy alimsogezea Bilhah anuse. Hakunusa chochote.

Kisha alichovya waya kwenye maji na kuuingiza motoni. Mwali ukageuka manjano. Matone ya nitreti ya fedha yakafanya maji yawe meupe kama uji.

"Sodiamu, na kloridi," Fancy alisema, akazima moto. "Madam, hii ni chumvi ya kupikia. Na si ya kuonja, ni nyingi."

Bilhah alishukuru, lakini uso wake ulikuwa umesawijika. Msimamizi mwenye mbolea alikuwa ametoka kwenye hesabu. Chumvi hukaa jikoni, na jiko lililokuwa hatua chache kutoka bafuni lilikuwa la Obure mwenyewe. Bosi wake angesema nini? Mzee alijua mchezo wake, akatia chumvi ili umalizike. Alikuwa amekwenda kutafuta ushahidi wa kumtetea mtu, akaokota wa kumzika karibu na ua.

*

Alirudi Laini ya Saba mvua ikinyesha. Jiko la Obure lilikuwa dogo, na alilipekua mpaka nyuma ya kuni. Alipata unga, majani ya chai, sukari, mafuta na nyanya mbili zilizokwisha kuoza. Chumvi hakuipata. Alipekua tena, kisha akaenda kutafuta kwenye takataka. Huko pia hapakuwa na pakiti.

Alimpigia Sellah.

"Mama Valary, bwana yako alikuwa anaweka chumvi wapi?"

"Chumvi?" Sellah alishangaa. "Chumvi haikuwa kwake. Alipatwa na presha, daktari hapa Kapkatet akamkataza, na wewe unajua akikatazwa kitu anakikataa kabisa. Alitupa yote. Mimi nikimtembelea nilikuwa nakuja na yangu kwa karatasi, na bado ananiangalia vibaya nikila."

"Asante. Usizime simu."

Bilhah alisimama mlangoni akiyapanga mambo. Duka la laini lilifungwa watu walipoondoka. Mtu anayetaka kufa, mwenye nyembe na waya mkononi, hatembei hadi barabara kuu kununua chumvi na kuitupa pakiti asikojua mtu. Hiyo chumvi ilitoka jiko jingine. Na Obure hakuvua sweta kwa sababu maji hayo hayakuwa ya kuoga. Hayakuwa yake kabisa.

Basi yalikuwa ya nani? Aliangalia laini nzima, nyumba zilizo wazi upande huu na upande ule. Moshi ulitoka kwenye paa moja tu, mwisho kabisa, mahali palipokutana na michai.

Rebeccah Cherotich alikuwa mjane wa Alexander, aliyekuwa mpogoaji wa kampuni. Shamba la Ndanai mashemeji walikuwa wamelichukua, watoto walikuwa wametawanyika Nairobi na Mombasa, na kampuni ilikuwa bado haijakumbuka kumfukuza. Askari mmoja alikuwa amemhoji juzi akiwa amesimama mlangoni. Alimuuliza kama alisikia mayowe, akasema hapana, askari akaenda zake.

Bilhah aliingia na kuketi.

"Chamgei, kogo," alimsalimu kwa Kikipsigis, akimwita nyanya.

"Chamgei mising." Kikongwe alifurahi mpaka aibu ikamshika Bilhah. Alimimina chai kwenye kikombe bila kuuliza kama mgeni anataka. "Keti, keti vizuri. Tangu Opure aende sijaongea na mtu." Ndivyo alivyolitamka jina la jirani yake.

Miguu yake ilikuwa juu ya kigoda, imevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Chini yake palikuwa na beseni kavu.

"Miguu iko aje, kogo?"

"Imefura. Siku hii mbili imekataa hata malapa. Hakuna maji moto. Kuni ni mbichi, na mimi siwezi kuinua sufuria kubwa."

"Nani alikuwa anakuletea maji moto?"

"Si Opure? Kila asubuhi akitoka kazi. Anachemsha kwake na hiyo stima yake, analeta na ndoo, anamwaga hapa. Halafu anakaa hapo umekaa, tunakunywa chai, anaenda kulala." Aligusa beseni kwa ncha ya fimbo yake. "Yeye Kisii, mimi Kipsigis. Wengine wote wameenda. Tulikuwa tunasema sisi wawili ndiyo laini."

Bilhah aliweka kikombe chini. Sasa alikuwa amefika, na hakupenda mahali alipofika.

"Na chumvi, kogo? Maji ya miguu yanataka chumvi."

"Chumvi ni yangu. Opure hana, daktari alimkataza. Bila chumvi maji haiondoi kufura."

"Ulikuwa unaitia wapi?"

"Hapa kwa beseni. Lakini inakaa chini, haiyeyuki, na mimi siwezi kuinama kukoroga. Opure ndiye anakoroga na mkono, na amechoka, amekesha usiku mzima kwa mvua." Kikongwe alitabasamu kwa jambo aliloona ni zuri. "Sasa hiyo asubuhi nikasema, wacha nimsaidie. Nilitembea na fimbo pole pole mpaka kwake. Nikaita, hakuwa. Ameweka ndoo, amerudi kwa kitalu kupeana zamu. Nikamwaga chumvi ndani yote, pakiti karibu nusu. Nikasema maji ikishika moto itayeyuka yenyewe. Opure akikuja, kazi imeisha."

"Ulimwambia?"

"Nilikuwa nimwambie akileta. Nikarudi, nikakaa hapa nikatoa miguu nje ya blanketi, nikangoja. Nikasema leo amechelewa."

Mvua ilizidi juu ya mabati. Bilhah alikuwa na roho nzito, na hakujifichia hilo. Angeweza kuinuka wakati huo huo, kushukuru kwa chai na kwenda. Lakini chumvi bila mtu aliyeitia ingebaki kuwa chumvi ya Obure, na kesho asubuhi gari lingetoka Kapkatet.

"Kogo, kwao wanasema Obure alijiua."

"Nani anasema?" Fimbo ilipiga sakafu. "Huyo mtu alikuwa anijengee kizimba cha kuku Jumapili! Mtu anataka kufa anaahidi kuku?"

"Bibi yake haamini. Lakini kanisa linakataa kumwombea. Wanataka kumzika kando, bila watu, bila wimbo."

Rebeccah alimtazama. Alikuwa mzee wa miguu, si wa kichwa, na Bilhah aliona maneno yakipangika ndani ya macho yake moja baada ya jingine: maji, mkono, asubuhi ile.

"Ni chumvi ilimuua?"

"Ni stima, kogo."

"Sijauliza stima."

Bilhah alikuwa amewadanganya wezi na matapeli wengi bila kupepesa. Huyu alimshinda. "Ndiyo," alisema. "Maji bila chumvi yalikuwa yanazuia stima. Yenye chumvi hayazuii. Hukujua. Yeye pia hakujua. Hakuna mtu atakushika kwa jambo hili."

"Hiyo pia sijauliza."

Kikongwe alishusha mguu mmoja kutoka kwenye kigoda, kisha mwingine, kwa mikono yote miwili, akikunja uso kwa maumivu. Hakulia. Alikaa wima kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza, akajifunga leso vizuri kichwani.

"Andika," alisema. "Andika Rebeccah Cherotich, bibi ya Alexander, wa Laini ya Saba. Andika ni mimi nilitia. Waandikie kubwa, huyo mzee wa kanisa asiseme hakuona."

Bilhah aliandika. Alisoma kwa sauti alichokiandika, neno kwa neno, na kikongwe akamsahihisha mahali pamoja: Bilhah alikuwa ameandika "jirani alikuwa akimsaidia", naye akataka iandikwe kwamba walikuwa wakisaidiana. Kisha akaweka kidole gumba kwenye wino na kukibandika chini.

"Sasa pigia bibi yake."

"Nitampigia nikifika kwa gari, kogo."

"Hapana. Piga hapa. Hii haiwezi kusemwa na polisi."

Bilhah akapiga. Simu haikumaliza kulia mara ya kwanza Sellah akawa ameipokea, na Bilhah akamkabidhi kikongwe. Rebeccah aliishika kwa mikono miwili na kuisogeza mbele ya mdomo wake.

"Mama Valary," alisema kwa sauti kubwa, akishindana na mvua. "Mimi ni jirani ya Opure. Bwana yako hakujiua. Nisikize mpaka mwisho, halafu ukitaka kulia, tutalia wawili."